Ukirudi, Itakupata Nini?

Mhadhara juu ya ulinzi wa mtu anayekimbia, na nani anaustahili. Ulitolewa Kasha, Bukavu, mbele ya wakaaji, walimu na viongozi wa dini.

Najua wapo humu ndani ambao usiku wa jana wamelala kwa watu, si kwao. Kwenu ninyi hasa nimekuja.

Niseme kusudi mapema. Sikuja kuhukumu vita hivi wala kumpa mtu haki na kumnyima mwingine. Nimekuja kueleza sheria inamlinda nani anapokimbia, inamlinda wapi, kwa masharti gani, na inamwacha nani nje. Tangu Februari 2025 maswali haya nimeulizwa njiani, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya maji. Na majibu yanayozunguka kwenye simu zetu mengi ni ya uongo. Wapo waliouza ng'ombe au kipande cha shamba ili kununua jibu la namna hiyo.

Mtu wa kwetu akifikishwa mbele ya meza ya afisa anayesikiliza maombi ya hifadhi, jambo la kwanza analotaka kueleza ni mateso aliyoyapitia. Ni haki yake kuyaeleza. Lakini swali la afisa limeelekea mbele: ukirudi, itakupata nini, itatoka kwa nani, na kwa nini wewe? Mateso ya jana yanasaidia kuthibitisha hatari ya kesho, lakini peke yake hayatoshi. Ukilielewa hili, mambo mengine yote nitakayoyasema yatakuwa mepesi.

1. Maana ya Geneva

Mkataba wa Geneva ulitiwa saini 28 Julai 1951. Ulitungwa kwa ajili ya Wazungu waliotawanywa na vita yao, na mwanzoni uligusa matukio ya kabla ya Januari 1951 tu. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa mpaka huo wa tarehe, ukawa mkataba wa watu wote.

Kwa mkataba huo, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu yenye msingi ya kuteswa kwa moja ya sababu tano: rangi au kabila lake, dini yake, uraia wake, kuwa kwake katika kundi fulani la jamii, au maoni yake ya siasa. Nayo nchi yake haiwezi kumlinda, au kwa hofu hiyo hawezi kuukimbilia ulinzi wake.

Tutazame mifano. Mwandishi wa redio aliyetangaza habari za mauaji, kisha akaanza kupigiwa simu usiku na watu wanaomtajia jina la mtoto wake na shule anayosoma: huyo anatafutwa kwa maoni yake, au kwa maoni wanayomdhania. Mwanachama wa chama cha kutetea haki za raia: vilevile. Mtu anayewindwa barabarani kwa sababu ya sura yake au lugha ya mama yake, awe Mshi, Mrega, Mfuliru, Munyamulenge au mwingine yeyote: huyo sababu yake ni kabila. Mwanamke aliyebakwa, ambaye waliomfanyia wanajua anapokaa na wameahidi kurudi, anaweza kulindwa kama mtu wa kundi fulani la jamii. Hilo la mwisho lilichelewa kukubaliwa duniani, lakini sasa nchi nyingi zinalikubali. Ripoti za daktari, kama zile wanazoandikiwa wanawake waliotibiwa hospitali ya Panzi, zimewasaidia wengi kuaminiwa.

Mtu aliyeondoka kwa sababu ya njaa peke yake, au kwa kukosa kazi, hamo katika maana hii. Nasema hivyo nikijua uchungu wake. Ila tuwe waangalifu: kama shamba lako halilimiki kwa sababu wenye silaha wanamwua kila anayelishika jembe huko, njaa yako ina chanzo kingine, na chanzo hicho ndicho cha kueleza. Nimeona watu wetu wakisema mbele ya afisa, "Nilikuja kutafuta maisha," kwa sababu ndivyo tunavyosema kila siku, wakaandikwa kuwa ni watafuta kazi. Sema kilichokukimbiza, tangu mwanzo wake.

2. Maana ya Afrika

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa ndipo watu wetu wengi walipo.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana Addis Ababa, na tarehe 10 Septemba 1969 ukatunga mkataba wake juu ya wakimbizi. Ulianza kazi 1974. Uliichukua maana ya Geneva kama ilivyo, kisha ukaongeza: mkimbizi ni pia kila mtu anayelazimika kuacha makao yake kwa ajili ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na nguvu za kigeni, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima.

Naomba mwalimu wa darasa la sita aliye mbele hapa awasomeshe watoto maneno hayo, "sehemu ya nchi yake au nchi nzima". Maana yake, aliyekimbia Kivu ya Kusini haambiwi na mkataba wa Afrika, "Mbona hukwenda Lubumbashi?" Vita ikiwa katika sehemu yako, inatosha. Hulazimiki kuthibitisha kwamba wewe binafsi ndiye uliyetafutwa kwa jina. Swali ni lilelile, ukirudi itakupata nini, lakini jibu linatolewa kwa ajili ya eneo zima.

Mnakumbuka katikati ya Februari 2025. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa tarehe 14, na tarehe 16 wapiganaji wa M23 wakaingia mjini kutoka upande huu wetu wa kaskazini. Watu waliteremka bonde la Ruzizi. Wengine walipita mpaka rasmi, wengine waliuvuka mto kwa mitumbwi na hata kwa kuogelea, na wapo waliozama. Katika majuma machache Burundi ilipokea watu zaidi ya 60,000. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikasema haijaona wimbi kubwa hivyo la wakimbizi kuingia nchi hiyo kwa miaka 25. Walijaa uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Cibitoke. Familia zikalala chini ya ngazi za watazamaji, mvua ikipiga, na choo kimoja kikigombewa na mamia.

Hakuna serikali inayoweza kumkalisha kila mmoja wa watu hao na kumhoji kwa saa tatu. Kwa hiyo sheria inaruhusu kundi zima kukubaliwa kwa hali iliyo wazi: anayetoka eneo lile, kwa wakati ule, anahesabiwa mkimbizi mpaka ionekane vinginevyo. Wengi wenu mna ndugu wenye karatasi ya namna hiyo. Isidharauliwe kwa kuwa ilitolewa bila mahojiano marefu. Ni hadhi kamili, na nguvu yake ya kwanza ni hii: mwenyewe hawezi kusukumwa kurudi penye hatari. Kanuni ya kutomrudisha mtu kwenye hatari ndiyo moyo wa sheria yote ya wakimbizi, imo Geneva na imo Addis Ababa.

Baadaye Burundi ilianza kuwahamishia wakimbizi Musenyi, mkoani Rutana, mbali sana na mpaka. Wengi walikasirika. Walitaka kukaa karibu, waione Kongo, wavuke siku utulivu ukirudi. Nilisikia manung'uniko hayo kwa simu kutoka kwa watu wa avenyu yetu. Nawaelewa. Lakini mkataba wa 1969 wenyewe unataka wakimbizi wakalishwe mbali ya kutosha na mpaka wa nchi yao, kwa usalama wao. Sababu ya sharti hilo tunaijua hapa kwa majina ya marehemu. Juni 2004, baada ya mapigano ya Bukavu, Wakongomani wengi, hasa Banyamulenge, walikimbilia Gatumba, huko Burundi, kilomita chache tu kutoka mpaka wetu. Usiku wa 13 Agosti wakashambuliwa kambini. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto.

Mpaka wa vita haukukaa mahali pamoja. Desemba 2025 ilifika Uvira, na makumi ya maelfu wengine wakavuka kuingia Burundi, nchi ndogo iliyokuwa bado inawatafutia maji na mahema wale wa Februari. Burundi tuishukuru. Na Uganda, ambayo inapokea wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, Wakongomani zaidi ya nusu milioni wakiwemo. Na Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu wetu wa Kivu ya Kusini, na wapo waliozaliwa pale ambao sasa nao ni wazazi. Hadhi ni moja katika nchi zote hizo, lakini maisha hayafanani. Sheria ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na huko Nakivale au Kyaka anaweza kupewa kipande cha kulima. Nyarugusu hatoki kambini bila ruhusa. Anayepanga safari ayajue haya kabla ya kupanda gari.

Mama mmoja ananiuliza hapa mbele: "Mwalimu, mie nilikuwa Kamembe na biashara yangu siku ile, sikukimbia, nilikuta tu njia imefungwa. Niko mukimbizi ao hapana?" Swali zuri sana, mama, na aksanti. Mtu anaweza kutoka kwao kwa amani, akavuka kwenda Kamembe, huko Rwanda, na jeto yake ya mpaka au laissez-passer ya CEPGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, kisha hatari ikazuka nyuma yake. Kuanzia hapo anaweza kuomba ulinzi pale alipo, kana kwamba alikimbia. Ni hivyo pia kwa mwanafunzi aliyekuwa Bujumbura au Kampala. Kinachotazamwa ni hatari iliyopo sasa. Ila jeto ya kuvuka asubuhi na kurudi jioni haimfanyi mtu mkimbizi, na anayeendelea kurudi nyumbani kila juma atapata shida kueleza kwamba anaogopa kurudi.

3. Sisi nasi tulipokea

Vijana wengi humu hawakuwa wamezaliwa mwaka 1994. Waulizeni wazee. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, watu kwa mamia ya maelfu walivuka Ruzizi wakaingia mji huu. Walilala barabarani, shuleni, kwenye viwanja vya makanisa. Ukienda Kavumu leo unapita mahali palipokuwa na kambi za Kashusha na Inera. Miti ya vilima vile ilikwisha kwa kuni.

Kati ya watu hao walikuwemo wazee, wajane, watoto wachanga wasio na kosa lolote. Walikuwemo pia waliotenda mauaji, na wenye silaha waliozitumia kambi kama ngome. Sheria ina jibu kwa jambo hili, nalo halikutekelezwa. Mkataba wa Geneva unamnyima hadhi ya ukimbizi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda uhalifu wa vita, uhalifu dhidi ya binadamu, au kosa kubwa la jinai lisilo la kisiasa kabla ya kuingia nchi ya hifadhi. Mkataba wa Afrika unasema vivyo hivyo. Na mpiganaji hawezi kuwa mkimbizi akiwa bado ameshika bunduki. Ulinzi huu ni wa raia. Ilibidi watenganishwe, wenye silaha upande mmoja na raia upande mwingine, kisha raia walindwe. Jumuiya ya kimataifa haikuwatenganisha. Mwishoni mwa 1996 kambi zikashambuliwa, na mtoto akalipa pamoja na muuaji.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliliona hilo likija. Alisema hadharani na kwa barua kwamba raia waliomo kambini wasitolewe kafara. Aliuawa hapa mjini 29 Oktoba 1996. Namtaja kwa sababu aliwatetea watu ambao mji mzima ulikuwa umeshawachoka, na wengine waliwachukia kwa sababu za kueleweka kabisa.

Mwaka 2002, tarehe 16 Oktoba, nchi yetu ikapata sheria yake ya wakimbizi, namba 021/2002. Ndiyo iliyoweka Tume ya Taifa ya Wakimbizi, CNR, na imezichukua maana zote mbili, ya Geneva na ya Afrika. Kwa hiyo Mrundi au Mnyarwanda anayeishi Kivu na kadi ya ukimbizi haishi hapa kwa huruma ya jirani. Ana haki iliyoandikwa.

Hadhi hiyo inaweza pia kukoma, kama sababu iliyoileta imekoma kweli na kwa kudumu. Kwa Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na 1998, HCR ilipendekeza nchi zitumie kifungu hicho, na tarehe ya mwisho ikawekwa 31 Desemba 2017. Hata hapo, mwenye hofu yake binafsi aliruhusiwa kueleza kwa nini kwake hatari haijaisha.

4. Yule ambaye hakuvuka mpaka

Sasa nageukia walio wengi zaidi katika ukumbi huu. Umetoka Kalehe, au Walungu, au kilima fulani cha Kabare, umefika Kasha, umepokewa na shangazi katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi na wanne. Umekimbia. Umepoteza kila kitu. Lakini hukutoka Kongo. Mbele ya sheria wewe ni mhamishwa wa ndani, na mkataba wa 1951 haukuhusu, wala ule wa 1969. Usisimame kwenye ofisi ya HCR kuomba hadhi ya ukimbizi ukiwa ndani ya nchi yako. Utarudishwa, na utadhani umeonewa.

Wewe unahusika na Mkataba wa Kampala, uliotungwa na Umoja wa Afrika Oktoba 2009 na kuanza kazi Desemba 2012. Bara letu ndilo la kwanza duniani kuwa na mkataba wenye nguvu ya sheria kwa watu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Unadai mambo yaliyo wazi: mhamishwa aandikishwe, apewe hati mpya badala ya zilizoungua au kupotea, watoto wake wasome, mali aliyoiacha ilindwe, asilazimishwe kurudi mahali penye hatari. Makundi yenye silaha nayo yanakatazwa kuwahamisha watu, kuwazuilia msaada, au kuwaandikisha watoto vitani.

Mnajua jinsi kanuni ya kutomlazimisha mtu kurudi ilivyokanyagwa pembezoni mwa Goma Februari 2025, pale waliokaa kambini walipoambiwa wabomoe mahema na warudi makwao ndani ya siku tatu. Mamia ya maelfu waliondoka, wengine wakirudi vijiji visivyo na paa moja lililosimama. Hakuna anayeweza kuita mwendo ule kurudi kwa hiari.

Na kuna jambo linalonichoma. Mhamishwa aliye kambini anaonekana, anahesabiwa, lori la mahindi linamfikia. Aliye nyumbani kwa shangazi haonekani. Wala shangazi haonekani, naye anagawa sombe ya sahani moja kwa watu kumi na wanne. Hapa Kasha karibu kila nyumba ni kambi ndogo. Nakuomba, Bwana shefu wa kartie, kabla ya jambo jingine lolote, tuwe na daftari: kila familia iliyopokea, imepokea nani, kutoka wapi, tangu lini, watoto wangapi, nani mjamzito, nani ametenganishwa na mzazi. Jina la mtoto aliye peke yake lipelekwe kwa Msalaba Mwekundu, wanaotafuta ndugu waliopotezana. Wala hakuna malipo.

5. Ng'ambo, na uongo unaouzwa

Ninyi vijana mliosimama mlangoni mmenyamaza. Najua mlikuwa mnangoja hapa.

Kwanza Ulaya. Nchi za Umoja wa Ulaya, mbali na hadhi ya Geneva, zina ulinzi wa pili wa kujazia, uliowekwa kwa sheria yao ya pamoja tangu 2004. Unampa hifadhi mtu ambaye akirudishwa atakabiliwa na adhabu ya kifo, mateso, au tishio kubwa kwa maisha yake kutokana na vita inayoua raia bila kuchagua. Mtu wa Kivu anaweza kuupata. Lakini ni lazima awe tayari amefika kwenye ardhi yao, na ataulizwa swali ambalo mkataba wa Afrika haumwulizi: kwa nini hukuhamia Kinshasa? Anayejibu, "Kinshasa ni mbali," anashindwa. Anayeeleza kwa ukweli kwamba hana ndugu kule, hajui Lingala, au kwamba wanaomtafuta wana mikono kule pia, anasikilizwa.

Ulaya ina pia ulinzi wa muda kwa umati mkubwa, ulioandikwa 2001. Ulikaa rafuni karibu miaka 21, ukatumika mara ya kwanza Machi 2022 kwa Waukraine. Wamestahili. Wakongomani hawajawahi kutumiwa sheria hiyo, na ninalisema hili wazi kwa kuwa tunapaswa kulidai, si kulinung'unikia tu jikoni.

Marekani nayo ina hadhi ya ulinzi wa muda, tangu 1990, kwa raia wa nchi zilizotajwa katika orodha na ambao tayari wako huko siku nchi yao inapotajwa. Rwanda iliwahi kuwemo kuanzia 1994, Burundi ikawemo kuanzia 1997 hadi 2009. Kongo yetu haijawahi kuwemo. Anayekuuzia fomu ya hadhi hiyo hapa Bukavu anakuibia.

Kuna kuhamishiwa nchi ya tatu, kile watu wanachokiita "kupata dosie". Sikilizeni vizuri. Hakuombwi kutoka Kasha. Kwa kawaida HCR inamchagua mtu ambaye tayari ni mkimbizi katika nchi nyingine, kwa mahitaji yake: anahatarishwa hata hapo alipo, aliteswa, ni mwanamke au mtoto aliye hatarini, ana ugonjwa usiotibika hapo, ana familia ng'ambo, au hana tumaini jingine lolote. Duniani kote wanaohamishwa hawafiki hata mkimbizi mmoja kati ya mia kwa mwaka. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongomani, karibu 20,000, ndio walioongoza. Kisha Januari 20, 2025 ikatiwa saini amri ya kusimamisha mpango huo. Ilianza kazi tarehe 27, siku ileile ambayo M23 walitangaza kwamba Goma iko mikononi mwao. Watu waliokuwa wameshauza vyombo vyao kambini, tiketi zikiwa zimetoka, walibaki wamekaa juu ya mifuko. Kiwango cha mwaka wa bajeti wa 2026 kikawekwa watu 7,500 tu, kwa dunia nzima.

Huduma zote za HCR ni bure: kuandikishwa, mahojiano, kuhamishwa. Anayedai dola mia tatu ili "jina lako liingie kwenye kompyuta" ni mwizi, hata akiwa na kofia ya shirika, hata akiwa binamu yako.

6. Namna ya kuaminiwa

Wapo wanaouza hadithi vilevile. Unalipa, unapewa kisa kilichomfaulisha mwingine, unakikariri. Nawasihi msinunue. Afisa ameshakisikia kisa hicho mara nyingi. Atakuuliza: mlipofika mtoni, nani alivuka kwanza? Mvua ilikuwa imenyesha? Mtoto alibebwa na nani, na mzigo na nani? Aliyepitia jambo hulijibu hili bila shida, hata akikosea tarehe. Aliyekariri hutoa tarehe kamili, akakwama kwenye mvua. Na mtu akishaonekana amesema uongo juu ya jambo moja, hata ukweli wake mkubwa unakuwa mgumu kuaminika. Wengi wenu mna kisa cha kweli kinachotosha kabisa. Msikizike chini ya kisa cha kununua.

Nataka mtazame jambo moja dogo linaloumiza familia nyingi za huku. Chukueni kadi ya mpiga kura ya baba, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, cheti cha ubatizo cha mtoto, na buletini yake ya shule, mziweke pamoja mezani. Kwenye kadi baba ni Cikuru. Kwenye cheti ni Chikuru. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Tchikuru, kwa mkono wa Kifaransa. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Afisa wa Ottawa au Brussels anayeshughulikia ombi la kuunganisha familia anaona watu watatu, na faili linakaa miaka. Mtoto anayengoja amekuwa kijana, na akipita kikomo cha umri haki ya kumfuata mzazi inaweza kumponyoka. Herufi moja!

Kwa hiyo zitazameni karatasi zenu leo jioni. Majina yaandikwe namna moja. Mtoto mchanga aandikishwe kwa afisa wa hali ya raia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kwa kuwa baada ya hapo itawabidi mpite mahakamani. Pigeni picha kila hati kwa simu na mmtumie ndugu aliye mbali, kwa sababu simu nazo huporwa njiani.

Yaliyo mbele yetu

Nimezungumza na walimu wanne na baba paroko kabla ya kupanda hapa, na wamekubali. Kuanzia Jumamosi ijayo kutakuwa na meza moja chini ya mti wa parokia, saa tatu hadi saa saba. Atakuwepo mtu wa kusaidia kuandika daftari la familia zilizopokea na zilizopokewa, mtu wa kulinganisha majina kwenye hati, na mama mmoja wa kuwasikiliza wanawake peke yao, nyuma, mbali na masikio ya wengine. Tutaanza na avenyu zilizo karibu na barabara kuu, ambako watu wa Kalehe ni wengi, kisha tupande vilimani. Wanafunzi wa sheria kutoka mjini watakaotaka kujitolea waniandikie majina yao kabla ya kuondoka.

Daftari likijaa, nakala itakwenda kwa Bwana shefu, nakala kwa mashirika ya msaada, nakala moja itabaki parokiani. Na tutaandika barua, yenye sahihi zetu, kwa kila ubalozi wa nchi ya Ulaya yenye ofisi Kinshasa, tukiuliza kwa nini ulinzi wa muda waliopewa Waukraine usifunguliwe kwa mtu wa Kivu aliye tayari nchini mwao. Wapo wa kwetu huko, na wanarudishwa.

Sasa ni zamu yenu. Mama wa Kamembe aanze, maana nimeona hajaridhika na jibu langu. Kisha yule kijana mwenye shati la bluu mlangoni. Njooni mbele, maikrofoni haifiki huko.